Kichwa Nusu Uwanjani

Wenzake wa timu walimpa jina la Namalizia, na kusema kweli walimwonea huruma, maana wangeweza kumpa baya zaidi. Kila walipompigia simu kumwambia mazoezi yameanza, yuko wapi, alijibu neno lilelile. Namalizia kichwa hiki nakuja. Namalizia mistari miwili tu, jamani, nimefika. Wenzake wakacheza, wakatoka jasho, wakaoga, wakaenda zao, na yeye bado yuko saluni, kitana mdomoni, anamalizia.

Alikuwa msusi, tena si msusi wa kubabaisha. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na feni iliyogeuza shingo kwa kelele kama mzee anayelalamika. Sifa yake kubwa ni kwamba mkono wake hauumi. Wanawake waliokwisha kuvutwa na wasusi wengine mpaka nyusi zikapanda walikuja kwake na kusinzia kitini, mate yakiwatoka. Sasa nani akimpata msusi wa namna hiyo atamwachia apumzike? Walifika asubuhi hajafagia, wakakaa mpaka giza, na akimkuta mmoja kwenye ngazi wakati anafunga mlango, anaufungua tena.

Hakujua kukataa, na hilo ndilo lililokuwa gonjwa lake. Mwanzoni lilikuwa na sababu. Yeye na mumewe walikuwa wanajenga, na mumewe ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mshahara wake nyote mnaujua. Alisuka ukuta ukapanda, akasuka paa likaezekwa, akasuka mpaka vigae vya baraza, ambavyo alivichagua mwenyewe baada ya kuzunguka maduka yote ya mji. Wakahamia. Ungedhani sasa atavuta pumzi. Wapi. Aliendelea vilevile, kwa mazoea na kwa woga. Aliogopa kwamba ukimwambia mteja hapana mara moja tu, anahama, na akihama anahama na dada zake, mashoga zake na mawifi zake wote, na kesho unabaki unajitazama kiooni. Ile baraza yake alikuwa hajawahi kuikalia jua likiwapo. Aliyeikalia ni mwalimu, jioni, na chai yake, akiitikia salamu za wapita njia, na wageni wa mtaa walidhani maskini ni mgane.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki chake mwenyewe, nacho ni mpira wa pete. Alikuwa mfungaji tangu shuleni. Akiwa uwanjani hakuna anayemwambia usinivute, hakuna anayemgeuzia kisogo. Mwili ulikuwa wake, miguu yake, pumzi yake. Akiupeleka mpira juu na kuuona unaingia katika pete, alifurahi waziwazi bila haya, na furaha ile hakuipata mahali pengine popote. Timu ilikuwa ya wanawake wa mtaa, na nahodha wake alikuwa wifi yake, dada wa mwalimu, fundi umeme mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Mwaka huu, baada ya kusukwasukwa na kila timu, walikuwa wamefika fainali. Wamefika bila Namalizia. Robo fainali alikuwa anamalizia kichwa cha mtu anayesafiri, nusu fainali akawa anamalizia cha mtu anayerudi safari. Wifi alikuja nyumbani kwao usiku wa Jumatano, akakaa, akakataa hata maji.

"Wifi," alisema, "Jumamosi saa kumi tunacheza na wauguzi. Usipokuja, jezi yako naigawa."

"Kwa mechi hiyo?"

"Naigawa moja kwa moja. Kuna binti wa pale sokoni, hana mkono kama wako, lakini yupo. Mimi sasa nataka mtu aliyepo."

Wifi kwa kawaida hasemi maneno mawili bila utani. Siku hiyo hakutania. Namalizia akaapa mbele ya mumewe kwamba Jumamosi atasuka vichwa viwili vya alfajiri tu, atafunga saluni, atarudi kula na kulala kidogo, kisha uwanjani. Mwalimu akapuliza chai yake, akasema, "Nitaamini nikikuona na raba mguuni." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kuamini, na mkewe alilisikia hilo vizuri kuliko kama angepiga kelele.

Jumamosi ikaja, na ilikuja vizuri. Kufikia saa tano vichwa viwili vimekwisha, sakafu imefagiwa, jezi imo mfukoni na raba zake. Namalizia akashika kufuli. Ndipo akasikia hodi, na hodi yenyewe haikungoja karibu.

Alikuwa Mama Mabati, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Ukimwona mama huyo ndani ya saluni ujue kuna jambo, maana haonekani popote isipokuwa nyuma ya kaunta yake, kuanzia linapofunguliwa mpaka linapofungwa, sikukuu imo. Tena ndiye aliyempunguzia Namalizia bei ya mabati wakati ule mwalimu alikuwa ameshaanza kusema waezeke nusu. Kichwani alikuwa amejifunga kilemba.

"Mwanangu anaoa kesho," alisema, akajitupa kitini bila kualikwa, "na mimi ndiyo kwanza nakumbuka leo kwamba nina kichwa. Nisuke, mwenzangu. Nywele zenyewe haba, saa mbili tatu umeniachia."

Sasa elewa kitu. Wasusi wana kanuni zao, hazikuandikwa popote lakini hazivunjwi. Kichwa kikishaanzwa hakiachwi, wala hakibadilishiwi mkono, kwa sababu kila mkono una mvuto wake, na mistari ya mikono miwili huonekana toka ng'ambo ya barabara. Na nyingine, ambayo mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza kabla hajapewa hata kitana: usikubali kichwa ambacho kilemba hakijavuliwa. Namalizia aliwafundisha wasusi wangapi kanuni hiyo? Lakini alitazama saa ukutani, akapiga hesabu ya haraka, saa tano na tatu ni saa nane, akakumbuka bei ya mabati, na mdomo ukasema, "Haya, kaa vizuri," wakati mikono bado imeshika kufuli.

Mama Mabati akafungua kilemba. Nywele zikasimama. Zikaendelea kusimama. Zilikuwa nyingi, nene, zimejisokota kwenye mizizi kwa miezi ya kufungwafungwa tu asubuhi, na Namalizia aliyazungukia yale mashamba mara mbili bila kuona njia ya kuingilia.

"Mama, hizi ndizo haba?"

"Nani ana muda wa kuzitazama? Duka halikai bila mimi."

Akaanza. Angefanya nini? Alizichambua kwa mafuta, akazigawa, akashika mstari wa kwanza kisogoni, akiunganisha na rasta, nywele za bandia, na tangu hapo hakuinua uso. Kila baada ya muda simu ya Mama Mabati ililia: misumari ya inchi tatu iko rafu gani, mteja anataka rangi nyeupe lakini si nyeupe sana, yule wa saruji amerudi. Na kila ilipolia Mama Mabati aligeuza kichwa kuipokea, na mstari ukaponyoka. Saa nane ikapita. Saa tisa ikagonga. Namalizia alisikia jasho likimteremka mgongoni, na moyoni alijitukana matusi ambayo kwa mwingine asingethubutu. Mtu mzima, miaka yote ya kazi, umekubali kichwa ndani ya kilemba. Kama si ujinga ni nini?

Saa tisa na nusu likasimama nje gari la kazi la wifi, ngazi juu yake, na wifi akaingia amevaa jezi, akajiegemeza mlangoni. Akatazama kichwa cha Mama Mabati. Nyuma kumekwisha, upande wa kulia umekwisha, mistari imelala safi inang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa umesimama wima wote, toka sikioni hadi kwenye paji.

"Wifi," alisema taratibu, "nikuulize au ninyamaze?"

"Namali..." Namalizia akalimeza neno lenyewe.

"Basi ninyamaze." Wifi akageuka kuondoka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoumiza. Mtu mwenye hasira bado anakutegemea.

Mama Mabati, ambaye si mtu wa kupitwa na jambo, alitaka kujua kuna nini. Akaambiwa kwa kifupi. Akafungua mkoba. "Mpira tu? Nitakulipa mara mbili, umalize. Haya, mara tatu. Siwezi kwenda kwa wakwe hivi, nitachekwa mpaka wajukuu."

Mara tatu. Namalizia alizisikia pesa hizo zikimwita kwa jina lake la kuzaliwa. Zingelipa mengi, siku zote kuna cha kulipa, wala hakitakwisha. Akauona mfuko ule pembeni, mkono wa jezi umechungulia nje. Akaona jinsi mambo yatakavyokwenda, kama alivyokwisha kuyaona mara nyingi: atamaliza kichwa vizuri sana, atasifiwa, atakwenda nyumbani gizani, na tangu leo hakuna atakayempigia simu kumwuliza yuko wapi. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Machozi yalimlenga, akajikaza kisabuni.

"Hapana," alisema.

Neno lilitoka jembamba, na yeye mwenyewe alishtuka kulisikia. Wifi alisimama na mguu mmoja nje.

"Hapana nini?" Mama Mabati aliuliza.

"Hapana, sikai. Saa kumi nina mechi." Sasa neno lilikuwa limempa nguvu. "Na kichwa chako sikiachi, kanuni hairuhusu. Lakini kanuni haikusema kisukiwe wapi. Simama, mama. Tunakwenda wote."

Mama Mabati alimkodolea macho. "Mimi? Hivi? Niko nusu!"

"Jifunge kilemba."

Kilemba kilijaribiwa. Upande wa kulia kilikaa kwa adabu, upande wa kushoto nywele zilikisukuma kikaanguka begani. Mama Mabati akajitazama kiooni, akatazama mlango, akaona kwamba mwenye mkono wa kumalizia kichwa chake anavaa raba na kutia rasta zilizobaki mfukoni. Alikuwa ametekwa na alijua ametekwa. Alipanda gari la fundi umeme akitukana kwa heshima, katikati ya wifi wawili, waya na koleo zikimchoma miguuni, na wifi aliendesha akicheka hadi akakosa njia mara moja.

Uwanja ulikuwa nyuma ya shule, ardhi tupu iliyochorwa kwa chokaa, milingoti miwili yenye pete. Watu walikuwa wamejaa pande zote. Ukitaka kujua watu wanavyoweza kunyamaza ghafla, shuka garini na mama mwenye duka maarufu akiwa amesukwa nusu. Mama Mabati akatembea katikati yao kidevu juu, akakaa juu ya kreti la soda kando ya mstari, akafungua mkoba, akaupakata, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakageuza macho. Mwalimu alikuwepo, amebeba chupa mbili, ya chai na ya maji ya moto ya kuiongezea. Alimwona mkewe anakimbia kuingia uwanjani akajitahidi asionyeshe kitu, lakini alimwaga chai.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha aibu. Namalizia alikuwa hajashika mpira kwa muda mrefu, na wauguzi walikuwa na mlinzi waliyemwita Twiga, mwanamke mrefu asiye na huruma. Mara zote Namalizia alipopokea mpira, Twiga alisimama mbele yake hatua ileile inayoruhusiwa, mikono juu, na kuruka. Mpira ukaguswa, ukapinda, ukagonga mlingoti. Mabao mawili tu aliyapata, na moja lilikuwa la bahati. Wauguzi walikuwa mbele, mashabiki wao wakiimba kwamba msusi akasuke. Miguu ilimwuma, kifua kiliwaka, na alianza kufikiri kwamba labda yule binti wa sokoni angefaa zaidi.

Firimbi ya mapumziko ilipolia wachezaji walilala chini. Namalizia alikwenda kwenye kreti, akafuta mikono kwenye sketi, akatoa kitana soksini, akashika mstari mpya juu ya sikio la kushoto la Mama Mabati. Umati ulivunjika mbavu. Wifi alikuwa akitoa maagizo, timu imezunguka, na katikati yao vidole vya Namalizia vinakwenda, moja juu, moja chini, havitazami.

"Yule mrefu," alisema Mama Mabati.

Wote wakamgeukia. Simu ilikuwa ikilia mkobani, akaichukua, akaizima bila kuitazama.

"Yule mrefu anaruka mapema. Akiona mkono wako umeinuka tu, karuka. Wewe unatupia wakati yuko juu. Kwa nini? Ngoja ashuke. Mtu hawezi kukaa hewani, hata awe muuguzi."

"Na sekunde tatu je?" aliuliza wifi. "Mpira haukawii mkononi."

"Sekunde zinatosha kabisa kama mtu hana haraka. Huyu anacheza kama anachelewa mahali. Unachelewa wapi, mwenzangu? Kichwa ndiyo hiki, kiko hapa hapa, hakiendi popote."

Namalizia alisimamisha vidole. Ilikuwa kweli. Alikuwa akicheza anavyosuka jioni, mwili hapa, roho kwenye saa ya ukutani. Miaka mingapi amekuwa hivyo? Nyumbani akawa na saluni kichwani, saluni akawa na nyumbani. Alivuta pumzi ndefu mpaka chini tumboni, akaitoa, akafunga ncha ya mstari, akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili alipopokea mpira wa kwanza aliinua mikono. Twiga akaruka. Namalizia akamtazama anavyopanda, akamngoja, akamtazama anavyoshuka, na visigino vilipogusa vumbi ndipo akauachia. Ukaingia bila kugusa chuma. Uwanja ukanguruma. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu Twiga akajizuia asiruke, na Namalizia akatupia hapo hapo, ukaingia pia. Sasa aliyekuwa na haraka alikuwa Twiga. Namalizia aliusikia mwili wake wote umerudi, kila kidole, kila kano, na alicheka peke yake katikati ya mchezo, mtu mzima mwenye nyumba yake. Mama Mabati alikuwa amesimama juu ya kreti, nusu amesukwa nusu wima, akiwapigia wauguzi kelele za sokoni ambazo nyingine sitazirudia.

Walifikia sare. Mwamuzi akatazama saa yake. Wifi akauiba mpira katikati, akaurusha mbali kwa ule mkono wa kupandia nguzo, na Namalizia akaupokea ukingoni kabisa mwa duara la kufungia, mbali kuliko alipowahi kutupia siku hiyo. Twiga akaja. Watu wote walikuwa wanapiga kelele: tupa, tupa sasa. Yeye akasimama. Aliona pete, aliona anga nyuma yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuwa na mahali pengine alipotakiwa kuwa. Twiga akaruka, akashuka. Mpira ukapanda, ukazunguka ukingo wa pete mara moja, ukatua ndani. Firimbi ikalia kabla haujagusa ardhi.

Walimbeba. Alikuwa mzito na walikuwa wamechoka, kwa hiyo walimbeba hatua chache wakamwangusha, wakaanguka naye wote, wakabaki hapo chini wamelaliana, wanalia na kucheka. Mwalimu alifika, akamshika raba ya mguu mmoja, akaishikilia. Wifi akamlalia kifuani akamwambia sikioni kwamba jezi ile sasa azikwe nayo.

Jua lilikuwa bado lipo. Namalizia alirudi kwenye kreti, na timu nzima ikakaa chini kuwazunguka, hata Twiga alikuja akakaa, akauliza bei ya mistari kama ile. Ncha za rasta zilichovywa katika maji ya moto ya mwalimu ili zisifumuke. Mstari wa mwisho ulipofungwa, Mama Mabati alishika kioo kidogo, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto. Hakuna aliyeweza kusema upande upi ulisukwa saluni na upi uwanjani. Akatoa mkobani zile pesa za mara tatu, na Namalizia akachukua za mara moja, zingine akamrudishia kiganjani.

"Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine," alisema Mama Mabati, akiendelea kujitazama. "Mpwa wangu. Nitahitaji kuzifumua na kusuka upya. Nitakuja saa kama ile ya leo, mapema mapema, saa tano."

 Hofu ile ya zamani ilimjia Namalizia mbio, na dada zake, na mashoga zake, na viti vitatu vitupu.

"Jumamosi mchana sisuki tena, mama," alisema. "Tangu leo. Njoo Ijumaa."

Mama Mabati alishusha kioo. Alimtazama Namalizia kama anavyomtazama mtu anayetaka kupunguziwa bei ya saruji, kisha akakitia kioo mkobani.

"Basi nitakuja Ijumaa," alisema. "Hiyo chai ya mwalimu imebaki?"

Na hivyo tu. Namalizia alikaa chini kwenye vumbi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamchuruzika mashavuni. Wifi alimsogelea kwa wasiwasi.

"Wewe, una nini?"

"Nimemwambia hapana."

"Akasemaje?"

"Amesema atakuja Ijumaa," alisema Namalizia, akaendelea kulia na kucheka. "Wifi, miaka yote hii. Amesema tu atakuja Ijumaa."